Kinga ya nyumba dhidi ya mafuriko: cha kununua kwanza kabla ya masika

Kwenye nyumba za bondeni, kama zile za Kigogo, Jangwani au Mikocheni jijini Dar es Salaam, pesa ya kwanza huishia kwenye viroba vya mchanga mlangoni. Kisha maji yanabubujika kupitia choo cha kuchuchumaa. Orodha hii imepangwa kwa kuangalia kipi kinaokoa zaidi kwa kila shilingi, na inahusu maji yasiyozidi sentimita 60 nje ya ukuta. Yakikaribia 90, msukumo wake unaweza kupasua ukuta wa tofali. Hapo ondoa watu na vitu, uyaache maji yaingie.

Kabla ya kwenda dukani, tafuta alama ya mafuriko yaliyopita ukutani, kisha uihamishie mlangoni na chooni kwa mpira wa levo wa fundi (mpira mwembamba unaoonyesha ndani, unaotiwa maji ili kupima usawa). Bila kipimo hicho utanunua kwa kubahatisha.

1. Vavu ya kuzuia maji kurudi. Hii ndiyo ya kwanza. Nunua ya PVC ya inchi 4 yenye ulimi ndani na mfuniko wa juu unaofunguka. Ukiwa dukani, fungua mfuniko, usukume ulimi kwa kidole: urudi wenyewe, na mpira wake ukae sawasawa pande zote. Fundi aifunge kwenye bomba linalotoka nyumbani kabla ya kufika kwenye karo, mshale ukielekea kwenye karo, na aijengee chemba ndogo ili ifikike. Isizikwe. Mchanga, nywele au kitambaa vikinasa kwenye ulimi, haifungi tena, kwa hiyo isafishwe kabla ya Machi na tena kabla ya Oktoba.

Kuna kosa linalojirudia sana: bomba la mvua kutoka kwenye bati limeunganishwa na bomba la choo. Vavu ikishafunga, maji ya paa hayana pa kwenda, yanatokea bafuni. Litenganishe kwanza. Vavu ikiwa imefunga, hakuna kuoga ndani wala kumwaga maji chooni.

2. Kizuizi cha mlango. Chaneli mbili (reli zenye mfereji) za alumini au chuma zinafungwa kwa boliti kwenye zege au ukuta imara, si kwenye fremu ya mbao, kisha ubao unateremshwa katikati yake. Maji ya sentimita 60 kwenye mlango wa sentimita 90 yanasukuma kama mzigo wa kilo 160, kwa hiyo ubao mwembamba utapinda na kuvuja. Tumia ubao wa marini (plaiwudi inayostahimili maji) wa milimita 18 wenye mkanda wa chuma nyuma, au mabapa ya alumini. Panapovuja zaidi ni chini: kizingiti kisawazishwe kwa saruji, na ubao uwe na mpira laini kwenye ukingo wake. Ujaribu kwa ndoo za maji siku ya jua.

3. Pampu ya maji machafu. Hata kizuizi kizuri huvuja, ndiyo maana pampu inafuata. Ya kisima haifai, tope linaiua. Uliza inapitisha takataka za ukubwa gani na inasukuma maji juu mita ngapi. Umeme hukatika wakati wa mvua kubwa, hivyo ya petroli ya inchi 2 ina faida, lakini ikae nje kabisa: moshi wake ndani ya nyumba unaua. Mdomo wa mpira umwage mbali, upande wa mteremko.

4. Viroba vya mchanga. Ni vya bei nafuu, ila vinavuja na jua linavila. Mlango mmoja, kwa kimo cha sentimita 30, unahitaji 25 hadi 30. Jaza nusu tu, kunja mdomo bila kufunga kwa kamba, panga kama tofali huku ukikanyaga kila safu, na utandike turubai upande wa maji.

5. Rangi na saruji za kuzuia maji. Zinasaidia ukuta wa nje uliozibwa nyufa na kupigwa plasta vizuri. Hazizuii maji yanayopanda kupitia sakafu, na rangi iliyopakwa upande wa ndani hubanduka kwa vipande kwa sababu maji yanaisukuma kutoka nyuma.