Nyumba ya mita 4 kwa 12 Kiromo: nilichopata kwa kumlipa msanifu majengo

Kiwanja chetu cha Kiromo, kabla hujafika Bagamoyo mjini, kilikaa miaka sita kikiwa na mkorosho mmoja tu. Nilipoamua kumjengea mama, nilinunua ramani iliyochorwa tayari, ya vyumba vitatu, kwa shilingi 150,000. Kwenye karatasi ilipendeza. Fundi alipokuja kupima akaniambia, "Bosi, mkorosho huu lazima uondoke, umeangukia katikati ya sebule." Mama alikuwa ameshasema mkorosho ule usiguswe. Ramani nikaiweka kabatini, nikaanza kutafuta msanifu majengo.

Niliyempata alitoza shilingi 1,800,000 kwa kuchora peke yake. Ndugu zangu waliona nachezea hela. Naandika haya kwa sababu, baada ya masika mawili ndani ya nyumba ile, sijutii hata senti moja ya malipo hayo, ingawa kuna kosa moja lililonigharimu na ningependa mwingine aliepuke.

Kabla ya kugusa kalamu alikuja kiwanjani mara mbili, asubuhi na alasiri. Alichomeka vijiti kufuata kivuli, akawauliza majirani mvua ya masika hupiga upande gani. Kisha akaenda kwa mama. "Shikamoo mama. Mchana huwa unapenda kukaa wapi?" Mama akaitikia, "Marahaba mwanangu. Nje, chini ya mti." Nyumba nzima ilianzia kwenye jibu hilo.

Alichochora ni nyumba nyembamba, mita 4 kwa 12, yaani chumba kimoja tu kwa upana: vyumba viwili, sebule, jiko, choo, na baraza upande mmoja wote. Mwanzoni niliiona kama behewa. Akanieleza taratibu. Huku kwetu tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri hupita karibu na utosi, kwa hiyo upenu mpana, yaani ukingo wa paa unaotokeza nje ya ukuta, unatosha kulizuia. Linaloumiza ni la asubuhi na la jioni, maana linaingia kwa ubavu. Ndiyo sababu ncha fupi za nyumba zinatazama mashariki na magharibi bila dirisha kubwa, na kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini. Na kwa kuwa chumba kina madirisha pande zote mbili, upepo ukiingia huku unatokea kule, hauna pa kukwama.

Kilichonishangaza zaidi ni jiko na choo. Aliviweka vyote magharibi. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kusi kutoka kusini mashariki. Misimu yote miwili upepo unatokea mashariki kwa namna fulani. Kwa hiyo moshi na harufu vinaondoka, havirudi vyumbani, na joto la alasiri linapiga vyumba ambavyo hakuna anayelala. Mkorosho nao umebaki upande huo huo, unakinga jua la saa tisa na saa kumi. Mimi nimekulia pwani, pepo hizi nazijua tangu mtoto, na sikuwahi kufikiri kwamba zinaweza kuamua choo kikae wapi.

Kuta ni za tofali za kufungamana, udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine. Hazichomwi, kwa hiyo hakuna kuni zinazoteketea, na kwa kuwa zinashikana zenyewe, saruji ya kujengea inayotumika ni kidogo sana. Hapa msanifu alisisitiza tupime udongo kwanza: unatia kwenye chupa ya maji, unatikisa, unaacha utulie, unaona mchanga umekaa kiasi gani na udongo wa mfinyanzi kiasi gani. Wetu ulikuwa mchanga mtupu. Ikabidi tulete udongo mwekundu kwa lori, safari tatu. Tofali zikafunikwa turubai na kumwagiliwa wiki nzima. Anayekuambia utafyatua tofali hizi kwa udongo wowote ulio kiwanjani, mkatalie.

Paa nilitaka makuti. Akaniuliza maji ya kunywa nitayatoa wapi. Makuti hayakupi maji safi, yanahitaji kubadilishwa, na cheche moja inatosha kuleta msiba. Tukaweka bati jeupe, silingi bodi chini yake, na nafasi ya hewa kupita katikati. Paa pamoja na baraza ni kama mita za mraba 100, hivyo kila milimita moja ya mvua ni kama lita 100. Mvua ya milimita 20 inaleta karibu lita 2,000, na tenki letu ni la lita 10,000. Maji ya mwanzo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege tunayaacha yamwagike kabla ya kufungulia tenki. Mvua kubwa ikipiga bati kelele zipo, mazungumzo yanasimama.

Sasa kosa. Ramani ilisema upenu wa sentimita 90 pande zote. Fundi wa kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa, akabana mbao, upande wa kusini akaacha 50. Mkataba wangu na msanifu ulikuwa na ziara moja tu ya ukaguzi, na ilikuwa imeshatumika kwenye msingi. Masika ya kwanza mvua ilipiga ukuta ule ambao haukuwa na plasta, na safu za chini za tofali zikaanza kumomonyoka. Kurefusha upenu na kupiga plasta sehemu ya chini kulinigharimu shilingi 640,000. Namlaumu fundi, lakini pia msanifu alipaswa kuniambia waziwazi kwamba nyumba ya namna hii inategemea vipimo ambavyo fundi aliyezoea tofali za saruji anaviona urembo tu.

Joto je? Kaskazi na kusi zikivuma, mama hawashi feni. Wakati wa maleleji, upepo unapokatika kati ya misimu miwili, usiku ni mzito na feni inawaka hadi alfajiri. Na madirisha makubwa bila wavu wa mbu ni kujitafutia malaria; wavu uingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Mwezi ujao nampa msanifu yule yule kazi ya pili, chumba na choo cha mdogo wangu upande wa mashariki wa kiwanja. Mkataba tumeshauandika upya: ziara tatu, na moja ni siku ya kupandisha kenchi, kabla hata bati moja halijapigwa msumari.