Adobe Stock kwa wauza picha za akili mnemba: watu wa kila aina, bila marudio

Adobe Stock, duka la picha la mtandaoni la kampuni ya Adobe, ilianza kupokea picha za akili mnemba mwishoni mwa 2022, miezi michache baada ya duka jingine la picha, Getty Images, kuzifungia mlango. Kwa anayetaka kuuza picha za watu wa rangi, umri na maumbile mbalimbali, ni duka zuri, mradi aelewe wanachokihesabu kuwa marudio.

Kosa linaloponza wengi ni hili: mtu anaiandikia programu ya akili mnemba maelekezo ya picha ya daktari aliyeshika kishikwambi, kisha anabadilisha neno moja tu. Mwafrika, Mhindi, Mchina, Mzungu. Ukuta uleule, mkono palepale. Hiyo ni picha moja iliyopakwa rangi mara nne. Hukataliwa kwa kufanana, na anayeendelea kuzimwaga anahatarisha akaunti nzima.

Badilisha tukio zima. Fundi cherehani kwenye kiti mwendo, barazani asubuhi. Muuguzi mwenye ualbino akijaza faili wodini. Bibi akipima unga dukani. Kila mmoja na kazi yake, mwanga wake na upande wake wa kamera. Kwa kila wazo bakiza picha moja. Ya pili iwepo tu kama kuna jambo jingine linalotendeka. Na ukiandika "Mwafrika" bila mji wala kazi, mara nyingi utaletewa shanga na vumbi. Andika "mhasibu wa Nairobi, ofisini, shati la bluu".

Halafu kagua kwa ukubwa kamili. Kanga ndiyo mtego mkubwa: pindo na mji hutoka vizuri, lakini jina, yaani maandishi yake, huwa herufi zisizosomeka, na mnunuzi wa Mombasa au Dar es Salaam ataliona kabla ya uso. Lifute uliandike upya, au chagua picha ambayo mkunjo umelificha. Kwenye kiti mwendo tazama pete ya kusukumia, ambayo hugandana na gurudumu, na sehemu ya kuwekea miguu, ambayo hupotea.

Faili iwe JPEG yenye mfumo wa rangi wa sRGB, kuanzia megapikseli 4, yaani pikseli milioni 4. Picha ya 1024 kwa 1024 ina megapikseli 1 tu. Ikuze hadi 2048 kwa 2048 na itapita. Angalia ngozi nyeusi baada ya kukuza, maana hulainishwa mpaka ikang'aa kama plastiki. Unapopakia, weka tiki kwamba picha imetengenezwa kwa akili mnemba, na nyingine kwamba watu si halisi.

Maneno ya utafutaji yanaruhusiwa hadi 49, na 10 ya mwanzo ndiyo yenye uzito. Kumbandika mtu mmoja "Mwafrika, Mhindi, Mlatino" ili atokee kila mahali ni kumdanganya mnunuzi.

Muuzaji hupata asilimia 33 ya mauzo ya picha, na hutoa fedha zikifika dola 25. Udhaifu wa huduma hii ni maelezo ya kukataliwa: ni mafupi, hayaonyeshi picha ipi imefanana na ipi. Ndiyo maana tunashauri kupakia chache kwa mara moja, 5 hadi 10 zenye mada tofauti, ili ikikataliwa moja ujue pa kutazama.