Uzoefu wangu wa miezi saba na huduma ya utetezi na usalama kwa viziwi waliofanyiwa ukatili, Moshi

Mimi ni kiziwi. Nilipoteza usikivu nikiwa na umri wa miaka tisa baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo, hivyo kusoma na kuandika Kiswahili nilikwisha kujua kabla ya ugonjwa, na lugha ya alama nikajifunza baadaye shuleni. Kazi yangu ni kushona nguo hapa Moshi. Huduma ninayoieleza sitaitaja jina, wala mtaa ilipo ofisi yake, kwa kuwa nyumba salama ikishajulikana ilipo haiwi salama tena, na viziwi wa mji huu tunajuana kiasi kwamba maelezo mawili matatu yanatosha kumtambulisha mtu. Kwa sababu hiyo hiyo nimebadili mambo madogo kadhaa ya maisha yangu. Yanayohusu huduma yenyewe sikuyabadili.

Kabla ya kuifahamu nilikuwa nimepita njia ya kawaida. Mume wangu naye ni kiziwi, mtu anayeheshimika miongoni mwetu, na siku aliponiumiza mkono hadi nikashindwa kushika mkasi nilikwenda kituo cha polisi nikiwa na daftari na kalamu. Askari wa zamu alisoma mistari miwili, akaniashiria nisubiri, kisha akataka apatikane mtu wa nyumbani aje kutafsiri. Aliyekuja ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye anasikia na anajua alama chache tulizozizoea pale nyumbani. Nilieleza kwa mikono yangu, huku mmoja ukiniuma, jinsi nilivyosukumwa, jinsi mkono ulivyokanyagwa, na jinsi simu ilivyovunjwa ili nisiweze kumwita mtu. Shemeji alifungua mdomo kwa muda mfupi tu. Fomu namba tatu ya polisi, ile tunayoiita PF3, ilipowekwa mezani niliisoma, nikakuta imeandikwa kwamba nilianguka wakati wa ugomvi wa kifamilia. Mimi naweza kusoma. Wenzangu wengi waliozaliwa viziwi, ambao lugha yao ya kwanza ni ya alama na Kiswahili cha kuandika walikipata kwa tabu kubwa, wangeondoka pale na maneno ya mtu mwingine mkononi bila kujua.

Namba ya huduma nilipewa na rafiki yangu anayeuza soko la Mbuyuni, miezi miwili baada ya siku hiyo. Ni namba ya kupiga kwa video kupitia WhatsApp, na hilo peke yake lilinipa moyo, kwa kuwa kila bango la kupinga ukatili nililowahi kuliona ukutani lilikuwa na namba ya kupiga na kusema. Aliyepokea ni mwanamke mtu mzima, naye ni kiziwi. Swali lake la kwanza halikuhusu kipigo. Aliuliza niko wapi, na kama kuna mtu anayeweza kuona mikono yangu kupitia dirishani au mlangoni. Nilikuwa nimekaa kibarazani. Katika miaka yote niliyoishi na mume anayejua lugha ya alama nilikuwa nimezoea kugeuza mgongo ninapozungumza na rafiki, lakini hakuna mhudumu yeyote aliyewahi kufikiri kwamba siri ya kiziwi huvuja kwa macho, na kwamba mtu aliye ng'ambo ya barabara anaweza kusoma mazungumzo yangu yote bila kusogea. Aliniambia niingie ndani, nishushe pazia, niwashe taa, ndipo tukaanza.

Jambo la pili alilonifanyia ni kunikataza nisimwambie jina langu la alama. Kwa wasiotufahamu, kila kiziwi hupewa na wenzake alama moja inayomtambulisha, pengine kovu alilo nalo au namna anavyocheka, na alama hiyo hujulikana kuanzia Rombo hadi Arusha kuliko jina lililoandikwa kwenye kitambulisho. Mtetezi alinipa alama nyingine ya kutumia katika huduma peke yake. Aliniita "mdogo wangu" kwa alama ile yenye upole, nami tangu siku hiyo namwita dada.

Dada huyu alinieleza baadaye mahali wazo la huduma ya namna hii lilikoanzia kupata umbo: mwaka 1986, katika mji wa Seattle nchini Marekani, mwanamke kiziwi aitwaye Marilyn J. Smith alianzisha shirika la kuwatetea viziwi waliofanyiwa ukatili, likiendeshwa na viziwi wenyewe, na miji mingine ya nchi hiyo ikafuata mfano wake. Naamini suala la nani anaendesha ndiyo tofauti kubwa kati ya huduma hii na zile nilizozijaribu kabla. Mahali pengine nilikuwa mtu wa kusaidiwa kueleweka. Hapa nilieleweka kwanza, kisha tukazungumza nifanye nini.

Siku ya kwanza kufika ofisini nilikwenda na mwanangu wa miaka sita, ambaye anasikia. Tangu alipoanza kuongea vizuri amekuwa mdomo wangu dukani, zahanati na kwa mwenye nyumba, na nakiri kwamba nilikuwa nikijivunia jambo hilo. Tulipoketi, msaidizi wa kisheria anayesikia alianza kuniuliza swali, na mwanangu papo hapo akanyanyua mikono atafsiri. Dada alimzuia mikono taratibu, akapiga magoti mbele yake na kumwambia kwa alama, "Mwanangu, leo pumzika. Kazi hii ina mtu wake. Wewe nenda kacheze." Mkalimani alikuwa amekwisha kuketi pembeni yangu. Mtoto alinitazama mimi kwanza kama anaomba ruhusa, nikatikisa kichwa kukubali, akakimbia nje. Sikuwa nimewahi kujiuliza ni maneno gani yaliyokuwa yamepita katika kichwa cha mtoto yule, wala ni mara ngapi alilazimika kusema kwa kinywa chake mambo ambayo baba yake amemfanyia mama yake. Nililia sana siku hiyo, na hakuna aliyeniharakisha. Kanuni yao ni kwamba mtoto hatafsiri, ndugu hatafsiri, mume hatafsiri, hata kwa salamu.

Kuhusu mkalimani mwenyewe, niliulizwa kama ninataka wa Moshi au wa kutoka nje ya Moshi. Wakalimani wa hapa ni wachache, na wawili ninaowafahamu hutafsiri ibada katika kanisa tunalosali mimi na mume wangu. Sina neno baya juu yao, lakini nisingeweza kuwaeleza yale ya chumbani halafu Jumapili nimtazame mmoja wao akitafsiri mahubiri. Huduma ilimleta mwanamke kutoka Arusha, umbali wa kilomita 80 hivi, na gharama yake sikuilipa mimi. Alitia saini karatasi ya kutunza siri mbele yangu.

Mpango wa usalama tuliutengeneza kwa siku mbili, na hapa ndipo nilipoona kwamba waliouandika wanajua maisha ya kiziwi. Mtu anayesikia husikia geti likigongwa au hatua za mlevi koridoni. Mimi sisikii, hivyo kitanda kiligeuzwa ili nione mlango, na bati jepesi likawekwa mahali ambapo mtu akilikanyaga mtikisiko wake unafika sakafuni nilipolala. Umeme ukikatika ninakuwa sina lugha, kwa kuwa alama hazionekani gizani, kwa hiyo nilipewa taa ndogo ya kuchaji nikae nayo mfukoni usiku. Simu mpya iliwekwa mtetemo mkali na kukaa chini ya mto. Tulikubaliana maneno ya siri yanayofanana na kazi yangu: nikituma ujumbe wa kuuliza kama kitenge cha kijani kimefika, maana yake waje; nikiuliza cha bluu, maana yake nimeondoka mwenyewe na niko njiani. Nilifundishwa pia kufuta video nilizotuma na nilizopokea, maana ujumbe wa maandishi unaweza kufichwa kwa jina la mteja, lakini video inaonyesha uso wangu na mikono yangu ikisema kila kitu. Daftari la kliniki la mtoto, kitambulisho changu na fedha kidogo vilihifadhiwa kwa jirani yangu, Mama wa Kipare ambaye hajui alama hata moja lakini alikwisha kuelewa siku nyingi.

Kitenge cha kijani nilikituma usiku mmoja wa mwezi wa pili. Mengine ya usiku ule nayaacha. Nitasema tu kwamba dada alinipeleka hospitali kwanza kabla ya mahali pengine popote, akanieleza njiani, chini ya taa ya ndani ya gari, kwamba dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hutakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kwamba mapema zaidi ni bora zaidi. Nilipofikiria jinsi safari ya kwanza nilivyokaa kituoni nusu siku nikisubiri mtu wa kutafsiri, nilielewa kwamba kukosa lugha kunaweza kumnyima mtu dawa.

Kituoni tulikwenda kesho yake, safari hii Dawati la Jinsia na Watoto, tukiwa na mkalimani. Dada alikuwa na nakala ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 pamoja na kurasa chache za Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, akiwa ameweka alama kwenye Ibara ya 13 inayohusu kuifikia haki na Ibara ya 16 inayohusu kulindwa dhidi ya ukatili. Hakulazimika kuzitoa. Askari wa kike aliyetupokea alinitazama mimi usoni aliponiuliza, badala ya kumtazama mkalimani, na maelezo yangu yalipokamilika yalisomwa yote na kutafsiriwa kwangu kabla sijatia saini. Nilirekebisha mahali pawili. Yalikuwa kurasa nne, na yote yalikuwa maneno yangu.

Nyumba salama nilikaa wiki tatu pamoja na mwanangu. Chumba kilikuwa na taa inayowaka na kuzima mtu akibonyeza kengele mlangoni, hivyo hakuna aliyeniingilia kwa ghafla. Upweke ulikuwepo. Mimi nilikuwa kiziwi peke yangu, na wanawake wengine walipoongea jioni nilibaki kuwatazama midomo. Mama mlezi alijua alfabeti ya vidole peke yake, lakini kila asubuhi alinitamkia herufi moja moja, "UMELALAJE BINTI", bila kuchoka, na mwanamke mmoja kutoka Rombo alijifunza kwangu alama ya "pole" na ya "chai" siku ya tatu tu.

Kesi bado inaendelea, hivyo sitaizungumzia kwa undani. Nilijifunza kwamba Sheria ya Ushahidi inamruhusu shahidi asiyeweza kusema kutoa ushahidi wake kwa maandishi au kwa ishara, mradi afanye hivyo mbele ya mahakama ya wazi. Kabla ya siku yangu dada alinipeleka kuuona ukumbi ukiwa mtupu. Tuligundua kwamba mahali pa kusimama mkalimani pana dirisha nyuma yake, na mwanga ungemfanya awe kivuli nisione uso wake, ambao katika lugha yetu hubeba nusu ya maana. Ombi la kumhamisha lilipelekwa mapema na hakimu akalikubali. Niliketi mahali ambapo namwona mkalimani na simwoni mume wangu, na yeye haoni mikono yangu hadi ninapojibu.

Zipo kasoro, na nimekwisha kuzieleza kwao wenyewe. Mtetezi kiziwi ni mmoja. Alipougua wiki mbili, nafasi yake ilishikwa na mfanyakazi anayesikia ambaye alama zake ni za semina, na katika wiki hizo nilirudi kuandika kwenye daftari. Ushauri nasaha hufanywa kupitia mkalimani, na kwangu mimi huzuni inayopita kwa mtu wa tatu hufika ikiwa imepoa; wanahitaji mshauri anayejua lugha ya alama mwenyewe. Kasoro kubwa zaidi inawahusu wanawake viziwi ambao hawakupelekwa shule kabisa, wenye alama za nyumbani zinazoeleweka na mama au dada zao tu. Nilimwona mmoja pale ofisini, kutoka vijiji vya huko milimani, ambaye mkalimani wa Arusha hakumwelewa. Dada alikaa naye siku nzima kwa picha, michoro na kuigiza hadi wakaelewana, lakini uwezo huo uko kwa mtu mmoja aliyeelemewa. Anahitajika kiziwi mwingine wa kufanya kazi sambamba na mkalimani anayesikia, na huduma haina fedha za kumlipa.

Fomu zao pia ni ndefu na ziko kwa Kiswahili cha kisheria. Nilipolalamika, dada aliniuliza kama ningekubali zirekodiwe kwa lugha ya alama kwa mikono yangu, uso usionekane. Tumemaliza fomu ya kwanza, ile ya ridhaa, na ya pili tutairekodi mwezi ujao.

Anayeihitaji huduma hii aende Dawati la Jinsia na Watoto au kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yake, aandike kwenye karatasi kwamba anataka mtetezi wa viziwi na mkalimani asiye ndugu yake, kisha asitie saini chochote hadi wafike. Kama ana mtoto anayesikia, amwache kwa jirani.