Diablo II: Resurrected: gemu inayokudai ujue thamani ya kila pointi

Diablo II ilitoka mwaka 2000, ikaongezewa sehemu ya tano na wahusika wawili wapya mwaka 2001, na mwezi Septemba 2021 kampuni ya Blizzard ikairudisha sokoni kwa jina la Diablo II: Resurrected, ikiwa na picha mpya, kwa ajili ya kompyuta, PlayStation, Xbox na Nintendo Switch. Picha hizo zinapendeza kwelikweli. Anayecheza kwenye kompyuta akibonyeza herufi G anarudishwa papo hapo kwenye sura ya zamani, na tofauti haihitaji maelezo. Lakini kinachoifanya gemu hii istahili kununuliwa hata leo, na ndicho ninachotaka kukipima hapa, ni jambo ambalo wachoraji hawakuligusa: utaratibu wake wa kumkuza mhusika, unaotoa pointi chache na kumtaka mchezaji ajue mapema atazipeleka wapi.

Kanuni zenyewe ni nyepesi. Mhusika akiua majini na mazimwi anapata uzoefu, uzoefu ukitosha anapanda ngazi, na kila anapopanda anapewa pointi 5 za sifa za mwili na pointi 1 tu ya ujuzi. Ngazi ya juu kabisa ni ya 99. Kila mhusika ana aina 30 za ujuzi zilizogawanywa katika miti mitatu, na aina moja haipokei zaidi ya pointi 20. Mbali na zile 98 zinazotokana na kupanda ngazi, zipo nyingine zinazotolewa na kazi maalumu: moja kwa kulisafisha pango la Den of Evil kama Akara, kuhani wa kike wa kambi ya mwanzo, anavyoomba, moja kwa kumuua Radament aliyejificha chini ya mji wa Lut Gholein, na mbili kwa kumwangusha Izual, malaika aliyeasi. Kwa kuwa gemu huchezwa mara tatu, katika viwango vya ugumu vya Normal, Nightmare na Hell, kazi hizo huzaa pointi 12, na jumla kuu inakuwa 110. Kuzijaza aina zote 30 kungehitaji pointi 600. Maana yake ni kwamba hata aliyefika kileleni, ambako wachezaji wengi hawafiki kwa sababu ngazi za mwisho ni ndefu mno, amejaza chini ya moja ya tano ya kile alichowekewa mbele yake.

Uhaba huo ndio uhai wa gemu. Chukua mfano wa Sorceress, mchawi wa kike, ambaye mchezaji ameamua kwamba silaha yake kuu itakuwa Blizzard, dhoruba ya barafu inayonyesha juu ya maadui. Ujuzi huo haufunguki kabla ya ngazi ya 24, na hata hapo haufunguki kama hujaweka angalau pointi moja moja katika Ice Bolt, Ice Blast, Glacial Spike na Frost Nova, zinazoutangulia katika mti uleule. Kila pointi iliyomo katika tatu za kwanza huiongezea Blizzard asilimia 5 ya madhara, hivyo ukizijaza zote tatu hadi 20, dhoruba inapata nyongeza ya asilimia 300, yaani inauma mara nne ya ambavyo ingeuma ikiwa peke yake. Ukijumlisha na 20 za Blizzard yenyewe, hapo pointi 80 zimekwisha kwenda. Frost Nova imechukua 1. Teleport, inayomhamisha mhusika kwa kufumba na kufumbua, inataka 1, na Telekinesis iliyo kabla yake 1. Static Field, inayomega robo ya uhai alio nao adui, inataka 1, na Warmth, inayorudisha upesi mana, yaani nishati ya kufanyia uchawi, 1 pia. Jumla ni 85. Mchezaji aliyefika ngazi ya 80 na kuzimaliza kazi zote katika viwango vyote vitatu anazo 91, kwa hiyo zinabaki 6 za kuweka katika Cold Mastery, inayopunguza kinga ya maadui dhidi ya baridi. Hakuna hata moja ya kuchezea. Mti wa moto, wenye mipira ya moto na kimondo kinachoanguka kutoka angani, ukiacha ile pointi moja ya Warmth, umebaki vilevile kama siku ya kwanza. Kupanga ni kuchagua, na sijaona gemu nyingine inayoutekeleza usemi huo kwa ukali kama hii.

Si kwamba mambo yalikuwa hivi tangu mwanzo. Katika miaka ya kwanza, ujuzi wa chini ulikuwa ngazi ya kukanyagia tu: uliweka pointi moja kwa sababu ulilazimishwa, na kila iliyozidi hapo ilihesabiwa kuwa imepotea. Wachezaji wazoefu walikuwa wakilimbikiza pointi bila kuzitumia, wakipigana kwa shida na mhusika dhaifu, hadi walipofika ngazi ya 24 au ya 30 na kuzimwaga zote kwenye ujuzi wa juu. Mabadiliko ya programu yenye namba 1.10 ya mwaka 2003 yaliondoa adha hiyo kwa kuleta kanuni ya ujuzi kusaidiana, ile inayoipa Blizzard nguvu kutoka kwa ndugu zake wa chini. Naona huo ni uamuzi bora kuliko wote uliofanywa katika historia ya gemu hii, kwa sababu ulimwezesha anayeanza kutumia pointi yake siku anapoipata, akijua kwamba itaendelea kumfaa hata baadaye. Hata hivyo ulikuwa na gharama yake. Kabla ya hapo mtu aliweza kujaza aina mbili au tatu za juu kutoka miti tofauti. Baada ya hapo, ujuzi mmoja ulioandamana na wasaidizi wake unameza karibu pointi zote, na wahusika wengi wakaanza kufanana. Paladin wa nyundo, shujaa wa dini anayerusha nyundo za kichawi, ni mfano unaojulikana: Blessed Hammer, pamoja na Vigor na Blessed Aim zinazoiongezea asilimia 14 kwa kila pointi, imekuwa njia iliyokanyagwa hadi nyasi zikafa.

Kuna kipengele kimoja hapa ambacho anayeanza anapaswa kukielewa vizuri. Vifaa anavyovaa mhusika huweza kuongeza ujuzi, na nyongeza hiyo inaruhusiwa kuvuka kile kikomo cha 20. Lakini katika kanuni ya kusaidiana zinahesabiwa zile pointi ulizoziweka kwa mkono wako tu. Ndiyo maana ujuzi kama Teleport unatosheka na pointi moja, kwani mavazi yataunyanyua, ilhali Glacial Spike ya kuisaidia Blizzard haina budi kulipiwa pointi baada ya pointi. Tofauti hiyo ni nzuri sana kimpangilio, kwa kuwa inaufanya uwindaji wa vifaa na ukuzaji wa ujuzi viwe mambo mawili yanayokamilishana bila kimoja kuchukua nafasi ya kingine.

Lawama yangu kubwa iko kwenye zile pointi 5 za sifa za mwili. Sifa ni nne, Strength (nguvu), Dexterity (wepesi), Vitality (uhai) na Energy (nishati), na mtu akisoma maelezo ya gemu atadhani kwamba mchawi anahitaji Energy kuliko kitu chochote, kwa sababu ndiyo inayoongeza mana. Ukweli ni kwamba mana hupatikana kwa urahisi kutoka kwa vifaa, dawa na ujuzi wa Warmth, wakati uhai haupatikani hivyo, na Sorceress hupata uhai 2 tu kwa kila pointi ya Vitality, ambapo Barbarian, mpiganaji wa ana kwa ana, hupata 4. Aliyejaza Energy ataanza kuona matokeo yake katika Nightmare, na akifika Hell atakuwa akianguka kwa pigo moja. Kisha kuna suala la vifaa. Ngao ya Monarch, inayotafutwa sana kwa sababu ina uwezo wa kutobolewa matundu manne yanayotosha kuundia Spirit, nguvu ya ziada inayotokana na kupachika mawe maalumu ya runi kwenye matundu hayo, inadai Strength ya 156. Sorceress huanza maisha na Strength ya 10. Bila msaada wa vifaa vingine, ngao hiyo moja itamgharimu pointi 146, ambazo ni mapato ya zaidi ya ngazi 29, na faida yake kubwa ni kuongeza 2 kwa kila ujuzi alio nao. Huenda gharama hiyo inastahili, huenda haistahili. Uamuzi huo ni wa kusisimua kwa anayezijua tarakimu, na ni mtego kwa asiyezijua. Gemu haimwambii mchezaji kwamba siku moja atazihitaji pointi hizo za Strength, wala haimwonyeshi uhai atakaoupata kabla hajabonyeza. Toleo la 2021 lilikuwa na nafasi ya kuongeza maelezo hayo bila kugusa kanuni yoyote, na nasikitika kwamba halikufanya hivyo.

Msamaha upo, lakini ulichelewa kuja. Kwa miaka kumi ya kwanza, aliyekosea kuweka pointi alikuwa na dawa moja tu, kuanza upya na mhusika mwingine. Mabadiliko ya 1.13 ya mwaka 2010 yalimpa Akara uwezo wa kurudisha pointi zote, za ujuzi na za mwili, mara moja katika kila kiwango cha ugumu, kama zawadi ya ile kazi ya Den of Evil. Anayemaliza fursa hizo tatu anaweza bado kutengeneza Token of Absolution kwa kuunganisha viini vinne vinavyodondoshwa na wakuu wa maadui katika Hell. Mpango huu naukubali kabisa. Haukufanya makosa yawe bure, wala haukumtupa mtu nje ya gemu kwa ajili ya jambo ambalo hakuambiwa.

Kasoro nyingine ya muda mrefu ilikuwa kinga kamili. Katika Hell, baadhi ya maadui hawadhuriki hata kidogo na baridi, wengine na moto, wengine na umeme, na mhusika aliyewekeza pointi 80 katika barafu alijikuta amesimama mbele yao mikono mitupu. Mabadiliko ya 2.5 ya Septemba 2022 yalileta hirizi zinazovunja kinga hiyo na kuishusha hadi asilimia 95, huku zikimpunguzia mvaaji kinga yake mwenyewe. Asilimia 95 bado ni ukuta mnene, lakini ni ukuta unaobomoka, na hapo ndipo Cold Mastery na vifaa vinavyopunguza kinga vinapolipa.

Aliyezoea Skyrim ya mwaka 2011, ambako ujuzi hukua kwa kutumiwa, anayepigana kwa upanga akawa hodari wa upanga, atauona utaratibu huu kuwa mkavu mwanzoni. Aliyetokea Diablo III ya mwaka 2012 atashangaa zaidi, kwani huko pointi za ujuzi ziliondolewa kabisa na mchezaji hubadilisha ujuzi karibu wakati wowote apendao. Njia hizo ni za starehe, na sizibezi. Ila katika Diablo III wahusika wawili wa aina moja na ngazi moja wana ujuzi uleule wa kuchagua, wanatofautiana zaidi kwa mavazi. Katika Diablo II, Sorceress wa barafu na Sorceress wa moto ni watu wawili wenye historia mbili, na kila mmoja analijua eneo asiloweza kulipita.

Kwa anayenunua leo, ningeshauri aanze na Sorceress au Paladin, ambao hawahitaji vifaa vya thamani ili wasonge mbele, atumie pointi zake za ujuzi bila woga katika Normal, na aweke pointi za mwili katika Vitality isipokuwa pale kifaa alicho nacho tayari mkononi kinapodai Strength. Asiharakie kumwomba Akara marejesho ya kwanza. Ayatunze hadi ngazi ya 24 au 30, ujuzi mkubwa unapofunguka. Na aamue mapema kama atacheza peke yake au mtandaoni na wenzake, kwa sababu mhusika aliyekuzwa nje ya mtandao hahamishiki kwenda kwenye seva, hata awe amefika ngazi ya 99.