Nyuzi za utumbo kwenye fidla ya baroko: miezi 7 ya raha na presha

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aondoke zake: nyota 4 kati ya 5. Na ile moja niliyoibana sio ya sauti, sauti ningeipa hata 6. Nimeibana kwa sababu kila uzi ukikatika nawaza huyu fundi ataendelea kuzitengeneza mpaka lini, na mimi naona hilo ni tatizo la bidhaa kama matatizo mengine, manake umezoea kitu, mkono umeshakizoea, halafu huna uhakika kama miaka mitano mbele kitakuwepo.

Nilichonunua ni seti ya nyuzi 4 za utumbo mtupu, yaani ndani hakuna waya wala plastiki, za fidla ya baroko, yaani iliyoundwa kwa mtindo wa karne ya 17 na 18, ninayoityuni kwenye A ya hertz 415, nusu toni chini ya ile 440 iliyozoeleka. Karakana ni ndogo, jina silitaji kwa sababu nina lawama kidogo huko mbele na sitaki kumharibia mtu riziki. Unene, kuanzia uzi wa sauti ya juu mpaka wa chini, ni 0.60 mm kwa E, 0.80 kwa A, 1.06 kwa D, na G 1.30. Ile G ukiishika mkononi unaona kabisa ni kamba ya kufungia mbuzi, na ukikumbuka imetoka wapi utani unajirudi wenyewe.

Maana ndo hivyo, ni utumbo mwembamba wa kondoo au mbuzi, na mafundi wengine wanatumia wa ng'ombe. Sio wa paka, hilo jina la Kiingereza, catgut, yaani utumbo wa paka, limewadanganya watu miaka na miaka. Utumbo unaoshwa, unalowekwa kwenye maji ya magadi, unakwanguliwa mafuta na nyama yote mpaka inabaki ngozi laini ya nyuzinyuzi, unachanwa vipande virefu vyembamba, vinakusanywa kadhaa pamoja vikiwa bado vimelowa, vinasokotwa na kuwambwa vikauke, halafu vinasuguliwa mpaka viwe na unene mmoja. Kwa maneno ni rahisi. Tatizo mnyama hakuumbwa na kiwanda, utumbo mmoja una sehemu nene, sehemu nyembamba, sehemu yenye kovu, na fundi anatakiwa kutoa humo uzi ambao ni sawasawa kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Nilipofungua pakiti, cha kwanza ni rangi, kama asali iliyochujwa vibaya, ukiweka kwenye mwanga wa dirisha unaona mpaka msokoto wenyewe ukizunguka. Harufu kidogo sana, kama ngozi ya kiatu kipya. Nyuzi ni kavu na ngumu mpaka unaogopa kuzikunja. Kabla sijafunga chochote nikafanya lile jaribio la wapiga luti, ala ya nyuzi ya zamani inayofanana na gitaa, wa miaka ya 1500: shika uzi kwa mikono miwili, uvute ukaze, udonoe katikati na kidole halafu uangalie. Uzi mzuri unaonyesha mistari miwili safi inayotetemeka, mbaya unaonyesha ukungu wa mistari mitatu minne inayopishana. A safi, D safi, G nene mno kusema ukweli lakini ilikubali. E ziliwekwa mbili kwenye pakiti, moja safi na nyingine mistari mitatu kama imelewa. Nikaifunga tu nione, na kweli, ukipiga wazi iko sawa ila ukibonyeza kidole juu kidogo inatoka nje ya tyuni na hakuna ufundi wa kidole utakaoiokoa. Hiyo ndo lawama yangu. Nilimwandikia fundi, akajibu kwa adabu kabisa kwamba nyuzi nyembamba ndo zinamsumbua siku hizi kwa sababu utumbo anaoupata sio kama ule wa zamani, akanitumia nyingine bure. Sawa, nimeridhika, ila lile jibu lilinikaa kichwani, ntalirudia.

Sasa sauti. Sijui niielezeje bila kuonekana nimeingia dini mpya. Nilikuwa natumia za sintetiki, yaani za plastiki za kiwandani, miaka mingi na zilikuwa poa, yaani unapiga zinatoka. Utumbo haufanyi hivyo, wenyewe unaushika upinde kwanza. Mwanzo wa kila noti una kale kamkwaruzo kadogo, kama konsonanti kabla ya irabu, na ghafla unaelewa kwanini muziki wa karne ya 17 na 18 umeandikwa vile, vipande vifupi vifupi kama mtu anaongea. Kwenye sintetiki nilikuwa naigiza hayo matamshi, hapa uzi unatamka wenyewe. Ila ukikosea presha ya upinde unapata filimbi, hasa kwenye E, filimbi ya kuaibisha mbele za watu. Wiki mbili za kwanza nilitaka kuzirudisha.

Kero ziko na sizifichi. Utumbo unakunywa unyevu wa hewani, siku ya mvua tyuni inahama, chumba kikijaa watu wakianza kupumua inahama tena, unatyuni kabla ya kipande, katikati na baada, yaani nusu ya maisha yako unashika kigingi cha kukazia uzi. Halafu vinyweleo. Baada ya muda pale vidole vinapogusa sana uzi unaanza kutoa vinyweleo kama ndevu za kijana, usivivute hata kidogo maana vitachanika mpaka mwisho, chukua kikata kucha ukate karibu kabisa, paka tone la mafuta ya lozi na kitambaa, acha usiku mzima. Ila mafuta yasifike pale upinde unapopita. Na kwenye vile vijimfereji vya juu karibu na vigingi sugua ncha ya penseli, ile nyeusi inafanya uzi uteleze badala ya kukatwa taratibu.

Umri wao: G na D bado zile zile tangu siku ya kwanza. A ilidumu miezi mitano. E, jamani, ya kwanza siku 11. Imekatika usiku ikiwa ndani ya kasha, nimelala, nikasikia pa! nikadhani mtu kavunja kioo. Nyingine imefika wiki sita, nyingine tatu, ni bahati nasibu. Sio uzembe wa fundi, E ya utumbo siku zote inaishi karibu na mahali pa kukatika, ndo maana karibu na Vita ya Kwanza ya Dunia wapiga fidla walipoletewa E ya chuma wakaipokea kwa mikono miwili.

Kuna mtu atasema si urudi kwenye sintetiki uache kulia. Nimezijaribu tena sambamba ili niwe na haki. Nailoni ya kawaida ni nyepesi, uzito wake kwa sentimita moja ya ujazo ni gramu 1.1 hivi wakati utumbo ni kama 1.3, kwahiyo ukitaka noti ileile na mkazo uleule inabidi uwe na uzi mnene zaidi na sauti inakuwa butu. Ile inayoitwa kaboni ni kinyume, iko karibu 1.8, uzi unakuwa mwembamba na sauti inang'ata kama chuma. Aquila, kampuni ya nyuzi ya Italia, walikuja na uzi wa sintetiki unaoitwa Nylgut miaka ya 1990 wakiulenga uzito wa utumbo wenyewe, na kwa luti, ambayo unadonoa kwa vidole, wapigaji wengi tu wanaitumia na siwalaumu, haijali mvua na haikatiki hovyo. Ila kwenye fidla na viola da gamba, ala ya zamani inayoshikwa katikati ya miguu, kuna upinde, na upinde haujali uzito peke yake, unajali ngozi ya uzi na jinsi unavyosokotwa. Hapo ndo bado naisikia tofauti hata nikifumba macho, na nimefumba kweli, rafiki yangu akanipigia zote mbili mara kumi nikapatia tisa.

Sasa turudi kwenye lile jibu la fundi, kwamba utumbo sio ule wa zamani. Watu wengi wanadhani hizi nyuzi zitakufa kwa sababu wanamuziki watazichoka. Mimi nadhani hapana. Angalieni gitaa. Gitaa la klasiki lilikuwa la utumbo, likahamia nailoni miaka ya 1940, na sababu haikuwa masikio ya mtu, Vita ya Pili ilifanya utumbo uwe adimu kwa vile hospitali zilikuwa zinashonea vidonda kwa utumbo huohuo. Mali ilipokosekana watu wakashika kilichokuwepo, wakakizoea, vita ikaisha na hakuna aliyerudi. Kila nikiona oda yangu imechelewa naikumbuka hiyo stori.

Halafu ikaja kichaa cha ng'ombe. Ugonjwa ulitambuliwa Uingereza mwaka 1986, na kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 Umoja wa Ulaya ulikuwa umeuweka utumbo wa ng'ombe kwenye orodha ya vitu hatari vya kuharibiwa, wote. Lengo lilikuwa chakula, na lengo zuri tu, lakini fundi wa nyuzi naye akajikuta kwenye wavu huohuo, eti kana kwamba kuna mtu analamba fidla. Mwaka 2015 walilegeza, ikabaki mita 4 za mwisho za utumbo mwembamba pamoja na vipande vingine viwili vitatu, kwahiyo kisheria hali ni nafuu kuliko ilivyokuwa. Ila miaka kumi na kitu ya makaratasi inatosha kumfanya mwenye machinjio aseme ahsante, sitaki usumbufu, na akishaacha kuutenga huo utumbo hakuna sheria ya kumlazimisha aanze tena.

Wa kondoo nao una mteja mkubwa zaidi, soseji. Ngozi nzuri ndefu isiyo na tundu ndo hiyohiyo mtengeneza soseji anaitaka, na yeye ananunua kwa maelfu ya mita wakati fundi wa nyuzi anataka ndoo chache, tena anataka zilizotolewa kwa mkono bila kuraruliwa na mashine na zimfikie zikiwa mbichi. Jiweke nafasi ya muuzaji, utamhudumia nani kwanza? Zamani hospitali ndo ilikuwa jirani mkubwa wa kubeba hii biashara, sasa kushona kwa utumbo kumeachwa sehemu nyingi, Ulaya hasa, na jirani kahama.

Na mikono ya kusokota imepungua. Kijiji cha Salle, huko Abruzzo Italia, kiliishi kwa kusokota utumbo vizazi kwa vizazi, ukoo wa D'Addario umetokea hapo, na leo kampuni yao inajulikana dunia nzima kwa nyuzi za chuma na nailoni. Sio usaliti, ni soko. Pirastro wa Ujerumani bado wanauza za utumbo, Gamut kule Minnesota Marekani wapo, Aquila wapo, kuna karakana za mtu mmoja mmoja. Hizo za mtu mmoja ndo zinanipa presha, manake siku mgongo ukimuuma hakuna kiwanda cha akiba.

Kituko kidogo kuhusu kusafirisha. Oda yangu ya katikati ilishikiliwa forodhani kwa sababu kwenye karatasi imeandikwa ni zao la mnyama. Nikapigiwa simu niulizwe kama ni nyama. Nikasema ni nyuzi za fidla. Kimya. Akauliza, imepikwa au mbichi? Wiki tatu ziliishia hapo.

Kwahiyo nani anunue? Kama unapiga fidla ya kisasa kwenye 440 na unataka amani, achana nazo, au weka A na D tu uonje. Kama unapiga baroko na hujawahi kugusa utumbo, nunua, hata ukirudi kwenye sintetiki baadaye mkono wako utakuwa umejifunza kitu. Agiza E tatu kwa mpigo, usidanganyike na moja. Mwambie fundi unatyuni ngapi, usimuachie abahatishe. Zile za kupakwa vanishi zinadumu zaidi kwenye jasho ila mwanzo wa noti unapungua ukali, mimi nimeiweka kwenye E peke yake kwa shingo upande.

Akiba yangu kwa sasa ni E mbili na A moja, zimeviringishwa kwenye karatasi ya mafuta ndani ya droo, mbali na jua. Oda mpya nimetuma jumatatu. Fundi kajibu jana: nisubiri wiki tisa, utumbo haujafika.