Kizibao cha wapanda farasi kwa sisi wa boda: mbavu zimepona, bega limevunjika

Kwa wenzangu mnaoniuliza kuhusu kile kizibao cheusi nilichokuwa navaa: ndiyo, kinasaidia. Kifuani na mgongoni kinasaidia sana, na nitalisema hilo ingawa naandika kwa mkono wa kushoto na hasira bado zimenikaa kooni. Lakini ukikikuta kimetundikwa bila mabega yake, usikinunue. Mwachie mwenyewe akivae.

Kwanza mjue ni kitu gani, maana hata aliyeniuzia hakujua. Kilitoka kwenye belo, soko moja hapa Mtwara mjini, kikiwa kimetundikwa pamoja na majaketi okozi ya rangi ya chungwa. Muuzaji alikuwa anakinadi kwa wavuvi na kwa watu wanaovuka kwenda Msanga Mkuu. "Jaketi la boti hilo, njomba, halizami." Nikakigeuza. Ndani kina vipande vya sponji nzito vimepangwa mstari kwa mstari. Si sponji ya godoro. Hii ukiibonyeza kwa kidole inarudi taratibu. Kwenye lebo kuna picha ya farasi. Boti na farasi wapi na wapi?

Na hapa naomba niseme kabla sijasahau: kitu hiki si cha majini. Hakikutengenezwa kumweka mtu kichwa juu ya maji. Kama kuna mvuvi ameuziwa kingine kama hiki na anatoka nacho usiku, avue atafute jaketi okozi la kweli. Hilo peke yake lilitosha kunifanya nimchukie yule mzee, na wakati ule hata hajanifanya lolote.

Nilikinunua kwa sababu nilihisi ni kinga, na sisi wa boda tunajua tunavyoanguka. Jioni nikapiga picha nikamtumia mdogo wangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye ni saisi, yaani mtunza farasi, kwenye shamba moja la farasi upande wa Usa River, Arusha. Akanipigia hapo hapo. "Kaka, hicho ndicho wanachovaa wakiruka viunzi. Umeokota." Akanieleza kwamba kuna mashindano ambayo farasi anakimbia nyikani anaruka magogo na mitaro, vitu ambavyo haviangukii upande akivigonga, na huko kizibao ni lazima kwa kanuni za shirikisho lao la kimataifa, FEI. Kwenye viunzi vya uwanjani, vya nguzo zinazodondoka zikiguswa, wengi wanaruka bila hata hicho. Akaniambia pia sponji yake inalainika kwa joto la mwili mpaka inakushika vizuri. Huko kwao kwenye baridi wanasubiri kidogo. Kwa jua letu hili la Mtwara kinalainika kikiwa bado kwenye msumari.

Halafu akauliza, "Na mabega yake yako wapi?"

Mabega gani? Nikakichukua nikakipeleka kwenye taa. Kwenye kila bega kulikuwa na utepe wa kunata, ule wenye miiba midogo upande mmoja na manyoya upande mwingine. Miiba ya bega la kulia bado ilikuwa imeshika manyoya ya kijivu ya kitu kilichobanduliwa juzi juzi tu. Pembeni palikuwa na kamba ndogo ya kushikizia, imekatwa kwa wembe, nyuzi zake bado nyeupe. Yaani vilikuwepo. Mtu amekaa chini, akavibandua, akakata kamba, halafu akakitundika kizibao kama kitu kizima.

Mdogo wangu akanitumia picha ya kinavyokuwa kikikamilika: vipande viwili vilivyopinda kama vifuu vya nazi, vinakaa juu ya bega na kushuka kidogo mkononi. Nilipanga kurudi sokoni. Lakini msimu wa korosho ulikuwa umefunguka, abiria ni wengi, na pikipiki ni ya mkataba. Hesabu ya bosi haingoji.

Kuanguka kwenyewe sitakueleza kwa urefu. Nilikuwa nimemshusha karani wa chama cha msingi upande wa Nanyamba, narudi peke yangu, natembea mwendo wa kawaida kabisa. Mvua ya usiku ilikuwa imekata njia ya udongo, mtaro umejaa maji ya rangi ileile ya barabara, hauonekani mpaka uufikie. Nilijaribu kuuruka. Gurudumu la mbele halikufika ng'ambo. Pikipiki ilisimama, mimi nikaendelea. Kifua kikapiga kwenye mzizi wa mkorosho, bega la kulia likatangulia chini, nikasikia "ka!" karibu kabisa na sikio. Mdogo wangu anasema hivyo hivyo ndivyo wanavyoanguka wa kwao: farasi anagoma mbele ya kiunzi, mpandaji anapita juu ya shingo yake, anatua kwa bega.

Hospitali wakanipiga picha. Daktari alinibonyeza mbavu moja baada ya nyingine akitafuta pa kunifanya nipige kelele. Hakupapata. Kifuani palikuwa na wekundu tu, na ule mzizi nimerudi kuuona, si mzizi wa mchezo. Huo ndio ushahidi wangu kwamba kizibao kimefanya kazi yake, na atakayesema sponji hizi ni urembo aje nimpeleke. Lakini mtulinga wa kulia ulikuwa umekatika katikati. Daktari akanieleza kuwa mfupa huo ni miongoni mwa ile inayovunjika mara nyingi mtu akiangukia bega, kwa sababu uko juu juu chini ya ngozi, hauna nyama ya kuufunika, na ndio unaouunganisha mkono na kifua. Kishindo chote cha bega kinapita humo.

Kwa hiyo fikirieni. Kizibao kikalinda kila mahali kilipofika. Pale kilipokatwa kwa wembe ndipo nilipovunjikia. Pale pale.

Mkono ukafungwa shingoni, wiki zikaanza kupita, pikipiki ikapewa dereva mwingine. Mwenye boda ya mkataba anajua maana yake: ulicholipia miezi yote kinabaki kinaning'inia, na nyumbani watoto hawajui habari ya mtulinga.

Sasa nifike kwenye lililoniuma kuliko mfupa. Nilipopata nguvu ya kutembea nilikwenda sokoni. Sikwenda kwa shari. Nilitaka vile vipande viwili tu, nikipona nivae kitu kamili, na kama angetaka niongeze hela ningeongeza. Yule mzee ni wa umri wa baba yangu mdogo, nikamwamkia kwa adabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," hata hakuinua macho, anakunjua mashati.

"Baba, lile jaketi jeusi ulilonipa lilikuwa na mabega yake. Nilikuwa nayaulizia."

Akaendelea kukunjua. Halafu akasema, "Ulinunua jaketi. Hukununua mabega."

Nikamwambia baba, mabega ni sehemu ya jaketi, wameshona wenyewe. Akasema ameyauza kwa kuli mmoja wa ghala la korosho, anayaweka begani chini ya gunia, na kama niliyataka ningesema siku ile. Ningesemaje kitu ambacho sijawahi kukiona? Nikamuuliza kama kuli huyo anafahamika, nikamwombe aniuzie hata moja. Hapo ndipo alipoinua macho, akaangalia mkono wangu uliofungwa, akamgeukia jirani yake wa meza ya pili. "Hawa boda wanakimbia ovyo, wakivunjika wanakuja kutusumbua sisi."

Wakacheka. Watu wazima wawili, mbele ya wateja, wanamcheka mtu aliyefungwa mkono. Mama muuza viatu upande wa pili ndiye aliyesema "pole, mwanangu", akaniwekea kiti. Mama yule Mungu amzidishie. Yule mzee hata pole ya kinafiki hakuitoa.

Kuli simlaumu. Mimi nimekulia kwenye korosho, najua gunia lile likishuka begani linavyokaa. Kama vile vipande vinampunguzia maumivu, basi vimepata bega linalostahili, na nisingekubali avuliwe. Ninayemlaumu ni aliyekata kitu cha kuokoa mwili akagawa vipande vipande kama muhogo wa kuchemsha, na huku kilichobaki anakiita jaketi la boti.

Siku zile za kukaa tu nilikuwa nasikiliza sauti za mdogo wangu kutoka Usa River, na ndipo nikajua kumbe hata wenye farasi wenyewe wanabishana. Mabega kwa vizibao vyao ni hiari. Yanauzwa kama nyongeza, unabandika ukitaka. Wapo wasiotaka kabisa kuyavaa wakiruka. Wanasema yanabana. Farasi akiruka ananyoosha shingo, na mpandaji lazima apeleke mikono mbele amwachie hatamu, la sivyo anamvuta mdomo akiwa hewani na wote wawili wanaharibikiwa. Sasa bega likiwa zito, mkono unachelewa.

Mara ya kwanza niliposikia hoja hiyo nilikasirika. Nikamwambia waambie waje wakae na mimi hapa Mtwara wiki moja, wajaribu kufunga zipu ya suruali kwa mkono wa kushoto, halafu ndio tuongee habari za kubana. Mtu una uwezo wa kununua farasi, una kipande cha kukukinga mfupa, unakiacha kabatini? Sisi huku tunakatiwa kwa wembe na wewe unakivua kwa hiari yako?

Lakini nimelitafakari, na haki isemwe. Anayejua kupanda ni yeye. Hata boda, ukivaa kitu kinachokuzuia kugeuza usukani, hicho kitakuangusha kabla hakijakukinga. Na daktari wangu, siku ya kurudi kliniki, nilipomuuliza kama vile vipande vingeniokoa, hakunipa jibu nililolitaka. Alisema kinga ya bega inasambaza kishindo cha kuangukia bega lenyewe. Ukianguka umetanguliza kiganja, nguvu inapanda kwa mkono mpaka kwenye mtulinga, na hapo kipande cha juu hakina cha kufanya. Mimi niliangukia bega, hilo nina uhakika nalo kama nilivyo na uhakika na jina langu. Ila hata yeye hakuthubutu kusema usingevunjika.

Basi nimebaki na nini? Nilitaka niwaandikie kwamba nunueni, kisha nikataka niwaandikie msinunue kabisa, kwa sababu lipo na jambo jingine. Mdogo wangu anasema sponji hizi zinachoka. Baada ya miaka michache ya kuvaliwa, au baada ya anguko moja zito, inatakiwa ununue kipya, maana nguvu ya kumeza kishindo inapungua hata kama kwa macho unakiona kizima. Cha mtumba utajuaje kimeanguka na nani, huko Ulaya, mara ngapi? Na kitambaa chake cha juu ni chepesi. Ukiburuzika kwenye lami ya barabara ya Mikindani kitachanika, hakikushonwa kwa kuburuzika, kilishonwa kwa kuangukia nyasi na mchanga. Kofia ngumu ndiyo ya kwanza, na kizibao bado kinakaa nyuma yake.

Hayo yote ni kweli. Lakini kila nikishika mbavu zangu nakumbuka ule mzizi wa mkorosho, na siwezi kumwambia kijana wa boda asivae. Vaa. Ukikipata, kibonyeze kwanza: sponji ikibonyea isirudi, au imeshakatikakatika ndani, kiache. Kisha peleka mkono juu ya bega, utafute ule utepe wa kunata. Ukiupapasa ukakuta miiba mitupu, muulize muuzaji kabla hujatoa hela: vipande vyake viko wapi? Akikwambia havikuwepo, angalia nyuzi za kamba. Na kama unapanda farasi, uko Arusha au popote, unaruka magogo yasiyoanguka, kwa maoni yangu mimi niliyevunjika, vaa na mabega, jizoeze nayo kwenye viunzi vifupi mpaka mikono iyazoee. Kama yanakubana kweli, badilisha saizi. Usiyavue kwa sababu ya kuonekana mnene.

Yule mzee simnunulii tena hata soksi, na nimewaambia kijiwe kizima.

Kizibao ninacho, nimekifua kwa maji ya baridi nikakianika kivulini. Mwenye mabega ya aina hii, saizi ya kati, meusi au ya rangi yoyote, hata la kulia peke yake, anitumie picha na bei. Niko Mtwara mjini, lakini nikipona hata Masasi nitafuata.