TAHADHARI: Muuza injini wa Sharjah kanipiga, mzigo umeshafika Jamaika

Ndugu zangu mnaonunua spea za mtumba Sharjah, someni hii kabla hamjatoa hata dirhamu moja. Wiki mbili nimekaa nayo kwa aibu. Mzee wangu wa Kariakoo nilishamweleza, wengine mnisamehe kwa kuisikia huku.

Mteja wangu wa Kingston mnamjua. Jamaika wanaendesha kushoto kama sisi, na teksi zao za namba nyekundu nyingi ni Probox na AD Wagon, kwa hiyo spea wanazotafuta ni hizi hizi zetu. Kimbunga Melissa kilipopiga kule Oktoba 28, 2025, magari ya Westmoreland na St. Elizabeth yakanywa maji. Akaniagiza injini 24 za 1NZ, zile za Toyota za cc 1500 zinazokaa kwenye Probox, na giaboksi zake.

Nikaenda kwa huyu muuzaji, Industrial Area ya hapa Sharjah. Mtaniuliza kwa nini nilimwamini. Ni mtu wa pwani mwenzetu! "Karibu mdogo wangu", chai ya tangawizi, mandazi, akampigia mama yake simu nimwamkie. Taa na bampa nilishanunua kwake mara tatu bila tatizo. Na injini aliniwashia mbele ya macho yangu. Aliweka ya kwanza juu ya matairi mawili, akafunga betri, kidumu cha petroli kinaning'inia pembeni, akapiga stata. Ikashika hapo hapo. Nikaweka kiganja juu ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini, imetulia kama cherehani. Akawasha ya pili, ya tatu. "Mdogo wangu, zote zimetoka Japani kontena moja. Tukiziwasha zote tutalala hapa." Nikakubali. 1,900 mara 24, dirhamu 45,600 taslimu, nikamhesabia juu ya boneti ya pikapu yake.

Tulipakia Ijumaa. Adhana ikaingia, akaniambia, "Nenda kaswali, vijana wataendelea." Niliporudi, kontena limefungwa na sili imeshapigwa. Akanishika mkono, akauombea mzigo dua ufike salama. Dua! Na mimi nikaitikia amina.

Wiki tisa baharini. Mteja kafungua huku ananionyesha kwa video. Zile tatu zilizowashwa ziko mlangoni, safi. Nyuma yake saba ni 2NZ, ndogo za cc 1300! Zilizobaki 14 ni 1NZ kweli, lakini alipochomoa kijiti cha oili kikatoka cheupe kama chai ya maziwa. Akafungua giaboksi moja, ndani tope limekauka na mchanga. Nilikuwa hapa Sharjah Aprili 2024, mvua ile ilipozamisha magari mitaani, tope lile nalijua. Ni injini zilizozama, zikaoshwa kwa mvuke, zikapigwa rangi nyeusi, zikabandikwa stika za Japani. Watu waliopoteza magari kwa maji nimewapelekea injini zilizokufa kwa maji. Nilishindwa kumtazama mteja wangu kwenye simu.

Nilipompigia muuzaji akasema, "Ulikagua mwenyewe." Kisha akanifungia namba.

Huyu afungwe. Leseni ichukuliwe, yadi ifungwe, arudishe hela yangu na ya nauli ya meli. Anakula jasho la watu kwa jina la undugu, na mama yake nimemwamkia! Msimwonee huruma, msiniletee habari za suluhu.

Dalili zilikuwepo. Risiti aliandika "injini 24" tu, bila namba hata moja. Rangi ilikuwa mbichi mpaka kwenye boliti. Nilipoomba tufungue sampu moja, lile beseni la oili chini ya injini, akasema fundi ameenda Ajman. Someni namba kwenye bloku, injini moja moja, na msiondoke kabla ya sili hata iwe adhana, mtaswali baadaye.

Jumatatu saa mbili asubuhi naenda polisi na risiti na video za Kingston. Yadi yake ni ile yenye geti la bluu, mkabala na mchomelea chuma, wenyeji mnaijua. Aliyenunua kwake injini tangu mafuriko yale ya Sharjah ya Aprili 2024 aje na risiti yake tuingie pamoja.